Bei ya Ubaridi

Jumapili, 25 Februari 2024

Kaja. Wa Dar. Gari kaliacha chini kwenye lami, maana njia ya kwa Mama hata bodaboda hupanda kwa kusukumwa. Kapanda kwa mguu, kofia pana kichwani, kila hatua ishirini anasimama eti anatazama bonde. Anahema. Mimi mlangoni na sinia la plamsi, za mwisho mwisho hizi. Mama alishasema mgeni ni mgeni.

Maswali yake: mtandao unashika? Nguzo ya umeme iko wapi? Jua linazamia upande gani? Udongo hakuuliza. Maji ya mvua yanapita wapi, hakuuliza. Kaka anamjibu ndiyo bosi, hapana bosi, na dalali katikati yao anacheka hata pasipo na cha kuchekesha.

Alipotaka kujua nyumba ina miaka mingapi, Mama ndiye aliyejibu: "Hii ilijengwa baada ya ile ya kwanza kushuka na Elnino." Kaka akakohoa, akamwonyesha mgeni mparachichi.

Picha kapiga nyingi. Moja imebeba kamba yetu ya nguo na gauni langu la kulalia juu yake. Saa hizi liko Dar linatazamwa na mke wa mtu.

Halafu ile namba. 18,000,000. Naiandika nione sifuri zake.

Baba hakununua hapa. Alipewa na babu, naye babu alipewa na baba yake. Bei haikuwahi kutajwa kwenye ua huu. Leo imetajwa, na tangu itajwe naona kila kitu kimebandikwa karatasi: mgomba huu elfu ngapi, lile jiwe la kunolea panga elfu ngapi. Nashukuru Baba kazikwa makaburi ya msikitini, la sivyo naye angepimwa hatua.

Jumatano, 28 Februari

Ukiambiwa na mama mwenye nyumba "tukae tuongee", hakuna heri.

Kuanzia mwezi wa saba chumba nilichopanga hapa Soni si 35,000 tena. 50,000. Miezi sita mbele, kama kawaida. 300,000 mkononi au nitafute kwingine. Anasema wageni wameongezeka, anataka kuweka tailizi, kila chumba kiwe na choo chake, apangishe kwa siku. "Mgeni mmoja akilala siku mbili ananipa kodi yako ya mwezi." Hajadanganya hata neno moja. Ndiyo maana nimekasirika.

Na chumba chenyewe! Kitanda, cherehani, meza ya kukatia, mwanangu na madaftari yake chini ya meza hiyo. Ukuta wa nyuma umeegemea mlima. Kuanzia mwezi wa sita unatoa jasho, kuvu nyeusi inapanda mpaka dirishani, nguo za wateja nazitundika katikati ya chumba zisishike harufu. Choo ni cha nje, kaya nne. Bomba kwa zamu.

Na LUKU ya kuchangia, mama yangu. Wenzangu wanasema pasi yangu inakula umeme wa nyumba nzima. Nimerudi kwenye pasi ya mkaa kama bibi yangu, na bado wananinong'ona. Mwezi ukianza, uniti zinapungua: kodi ya jengo, 1,500. Tunachangishana wapangaji. Nalipa kodi kwa mwenye jengo, kisha namlipia mwenye jengo kodi ya jengo lake.

Ila usiku magari yakishakata, nasikia maporomoko. Mwanangu husema maji yanaongea. Hayo hajayapandishia bei. Bado.

Ijumaa, 1 Machi

Nimetoka kwa shehe. Kanifanyia hesabu nyuma ya karatasi ya sukari, mwandiko mzuri kama wa kitabuni.

Mama thumuni: 2,250,000.
Inabaki 15,750,000, inakatwa mafungu matano. Kaka mawili, Dogo mawili, mimi moja.
Fungu langu: 3,150,000.

Sina ugomvi na fungu moja. Nimelelewa nikijua. Shehe mwenyewe kanikumbusha kwamba fungu langu ni langu peke yangu, wakati kaka zangu mafungu yao yana midomo ya kulisha. Sawa. Mdomo wa mwanangu anaulisha nani lakini? Sikusema. Nilisema ahsante shehe.

Nimegawanya 3,150,000 kwa 50,000. Miezi 63. Yaani kila alichopanda Baba, kila jiwe alilopanga, kwangu mimi ni miaka mitano na robo ya kukaa nyuma ya duka la mtu.

Jumanne, 5 Machi

Siku nzima sijashona. Nimezunguka na dalali mwingine, siyo yule wa vicheko. Huyu hacheki kabisa, anatembea mbele kama anafukuzwa. 10,000 ya kunionyesha tu, hairudi.

Nilimwambia nataka hatua 15 kwa 15, pa kuweka chumba kimoja na cherehani. Akanitazama viatu.

Kando ya lami kuna kipande ambacho kuku akigeuka anadondoka: milioni 12. Juu kidogo, penye nguzo: 7, "na mama, nguzo ndiyo hiyo, umeme wa kijijini 27,000 tu unaunganishiwa." Ndiyo, 27,000 ya umeme, na milioni ngapi ya kusimama karibu na nguzo? Zamani juu kule walikokuwa wanalala na koroboi hapakuwa na mtu aliyepatamani. Nguzo zimepanda mlimani na bei imezifuata nyuma.

Bondeni, 4. Pazuri, udongo mweusi, ila mto huwa unapadai. Kisha korongoni, milioni mbili na nusu, mteremko ambao mbuzi hujifikiria. "Hapa utajenga ghorofa bila kutaka," nikamwambia. Mbele unaingia kwa mlango, nyuma unashuka kwa ngazi. Hapo ndipo alipocheka.

Milioni mbili na nusu, nibaki na laki sita na nusu. Kukata mlima tu na kupanga mawe ya kuzuia udongo laki sita inaisha, tofali hata moja halijafika. Na tofali huku lazima libebwe kichwani mara ya mwisho. Fundi anahesabu tofali, mbebaji anahesabu hatua.

Nimefika nyumbani magoti yananitetemeka. Suruali tatu za shule zinasubiri zipu.

Jumapili, 17 Machi. Mfungo 6

Kaka kapiga simu baada ya futari. Sauti ya upole, ile ya mtu aliyekwisha kuamua. "Dada, kwa hela yako Mombo unapata kiwanja na chenji."

Kweli. Leo asubuhi nilikuwa Mombo. Sikumwambia.

Nilishuka na Noah ya kwanza. Nilionyeshwa 20 kwa 20, milioni mbili na laki mbili, tambarare kama meza. Mpira ukidondoka unabaki pale pale. Mwanangu angeshangaa, huku kwetu mpira ukikuponyoka umekwenda. Barabara kuu ya kwenda Arusha inasikika, maji yapo, soko lipo, wateja wengi kuliko Soni. Mwanamke mwenye akili angetoa hela ya kishika kiwanja palepale.

Saa nne jua likanikalia kichwani. Na kiu ya mfungo. Nilikaa chini ya mwarobaini nikamwuliza mama mmoja muuza ndimu, usiku mnalalaje? Akasema: "Tunalala mwanangu, tumezaliwa nao huu moto." Mimi sikuzaliwa nao.

Kurudi, ile Noah imejaa, watu wanajipepea kwa chochote, kadi ya kliniki, ndala. Kuna kona kule juu ambapo watu huacha kujipepea. Hakuna anayesema kitu, mikono tu inashuka. Nimepita kona ile maisha yangu yote na leo ndiyo nimeiona. Kinachouzwa kwa Mama ni kona ile. Udongo ni kifungashio.

Alhamisi, 28 Machi. Mfungo 17

Kanzu nne, madira sita, na zote zinatakiwa kabla ya sikukuu. Nimehamia kwa Mama na cherehani kwa muda, huku LUKU ni yetu, napiga pasi ya umeme bila kuulizwa. Mvua za usiku zimeanza.

Baada ya daku Mama hakulala. Alikaa akipeta maharage, akaanza mwenyewe.

Kasema bibi yake alikuwa na maneno mawili ya kupimia mambo yote ya dunia. Kuzifya shi. Kubana shi. Mvua ikinyesha vizuri, wakubwa wakipatana, nchi imezifywa. Wakubwa wakigombana, nchi inabanika, hata ungelima vipi. Kasema siku za Waingereza walikuja na amri ya matuta, kila mtu achimbe matuta shambani, usipochimba faini. Watu wakakataa, wanawake pia. Waliona wanachimbishwa ardhi ili wanyang'anywe ardhi. Miaka ya hamsini hiyo. Mwisho serikali ikaachia.

Halafu miaka ya themanini wakaja Wajerumani wa mradi, hawa wa SECAP, na majani yao ya guatemala, pandeni kwenye kingo udongo usishuke. Baba akapanda. Wazee wakamcheka, nawe umeanza matuta? Majani ndiyo yale yaliyoshika ukingo mpaka leo. Ile nyumba ya kwanza ilijengwa pasipo na majani, ikashuka.

Nikamkumbusha habari za Sakarani, alizopenda Baba. Bwana Sakarani, yule Mjerumani mwanajeshi, von Prince, aliyemaliza vita vyake akajitafutia shamba huku juu kwenye ubaridi. Alikufa vitani Tanga, Novemba 1914, na shamba limebaki na jina lake la utani. Siku hizi ni la watawa. Lushoto yenyewe waliiita Wilhelmstal, jina la mfalme wao, wakubwa wao wakawa wanapanda huku kukimbia joto la Dar es Salaam. Kwa hiyo huyu wa kofia yuko kwenye foleni ndefu. Tofauti yake analipa.

Mama kacheka. Kisha kauliza: "Na akilipa, mimi nitapeta maharage wapi?"

Sindano ilinichoma. Kweli ilinichoma, kidole gumba.

Jumatano, 10 Aprili. Idi

Pilau. Watoto wamejaa ua. Kaka kaja na familia kutoka Dar, Dogo kaoga akapendeza. Nusu siku ilikuwa sikukuu.

Baada ya adhuhuri Kaka akafungua mazungumzo. Wa Kofia (ndivyo tunavyomwita sasa) anataka jibu kabla ya mwezi wa tano. Mama atachukuliwa Dar. Mama akaangalia sakafu. Nikauliza, achukuliwe akae wapi, Mbagala, kwenye chumba na sebule mnacholala watu saba? Wifi yangu akanyanyuka akaingia ndani. Nilikosea kulisema mbele yake.

Lakini hapo ndipo Kaka aliposema ambalo sikulijua. Kodi kwake imepanda mara mbili ndani ya miaka mitatu. Mwenye nyumba wake kamwambia mwisho Desemba. Amepata kiwanja Mkuranga, milioni sita. Kaipiga hesabu hii kama mimi, kwenye karatasi kama yangu, kaikunja mara nne kama nilivyoikunja yangu. Kaitoa mfukoni.

Basi tukakaa. Wa Dar anakimbilia Soni. Wa Soni akimbilie Mkuranga. Mimi nishuke Mombo. Wa Mombo sijui atakwenda wapi.

Dogo yeye anataka bodaboda tu, anasema amechoka kupakia kabeji za watu kwenye Fuso. Ana miaka 24 na mgongo wa mzee.

Ugomvi haukuisha, ulichoka. Kaka akasema, "Wewe utaolewa tena." Nikamwambia ningekuwa naolewa kwa sababu ya chumba ningeolewa na mama mwenye nyumba. Mama akacheka, Dogo akacheka, Kaka akajizuia akashindwa. Tukala pilau iliyobaki kwenye sinia moja.

Ijumaa, 26 Aprili

Mvua siku ya tano. Miaka 60 ya Muungano, redio inapiga ngoma, na katikati ya ngoma habari za mafuriko. Jana Waziri Mkuu kaliambia Bunge watu 155 wamekufa kwa mvua hizi nchi nzima.

Saa kumi na moja alfajiri tulisikia mlio kama lori linamwaga kokoto, mrefu. Kukipambazuka wakasema ni kona za chini. Udongo na miti na mawe, lami haionekani. Hakuna cha kupanda wala kushuka.

Nimekagua ukingo wa Mama. Majani yamelala, udongo upo.

Wa Kofia alikuwa aje kesho na pesa ya awali. Haji.

Jumamosi, 27 Aprili

Niandike ukweli, nani atasoma. Jana nilifurahi. Nilisimama na mwavuli wa mwanangu uliovunjika vyuma nikafurahi kama mtu aliyelipwa deni.

Leo nimeshuka sokoni. Fuso tatu za kabeji zimejaa, hazina pa kwenda. Juzi mwenye kabeji alikuwa anazihesabia bei ya Dar. Leo moja shilingi mia, chukua hata tano. Jioni walikuwa wanawatupia mbuzi. Kuna mama namfahamu, alikopa kikoba mbolea na mbegu za karoti, kaziweka chini ya turubai anazigeuza geuza kama anawageuza wagonjwa. Hakulia. Kaniuliza kama nina kazi ya kupinda pindo, anaweza kushona kwa mkono.

Dogo kapewa kazi ya kuzoa udongo, analipwa kwa siku. Karudi tope mpaka masikioni. Kasema greda likipata nafasi kesho kutwa magari madogo yatapita.

Furaha yangu ya jana inanuka.

Jumamosi, 4 Mei

Kimbunga Hidaya. Redio siku nzima, mikoa ya pwani, Mafia, boti za Unguja zimesimama. Huku kwetu upepo na baridi isiyo ya wakati wake. Tumefunga madirisha kwa magunia.

Saa mbili usiku Wa Kofia kapiga kwa Kaka, Kaka kanipigia. Kaona picha za barabara. Ana wasiwasi. Kasema gharama ya kujenga kuta za kuzuia udongo haikuwa kwenye bajeti yake. 13,000,000.

Fungu langu limekuwa 2,275,000. Sijahama nilipo na nimepoteza 875,000 kwa mvua.

Kinachonishangaza: Mama ndiye aliyekasirika kuliko wote. Hakutaka kuuza, lakini kuambiwa kwamba ardhi yake imeshuka! "Iliyoshuka ni barabara ya serikali. Hapa kumeshuka nini? Aje anionyeshe palipotikisika." Kavaa mtandio kabisa kana kwamba mtu yuko mlangoni.

Jumatatu, 13 Mei

Hakuna jipya. Kuvu zimeanza mapema mwaka huu, nimezifuta kwa jiki, mwanangu kapiga chafya mpaka asubuhi. Mama mwenye nyumba kapita na fundi wa tailizi, wanapima. Fundi kaegesha futi yake ukutani kwangu, akaniambia samahani dada, kana kwamba mimi ni kabati.

Jumapili, 19 Mei

Nimelisema.

Tulikuwa jikoni, Mama anachambua mnavu. Nikamwambia mimi sitaki hela. Nataka fungu langu la udongo. Hata kama ni dogo kama lile fungu la hela, nipimiwe.

Kanyamaza mpaka mboga ikaisha kuchambuliwa. Nikajua nimeharibu. Kisha kanawa mikono, kachukua panga, "Twende." Tukashuka nyuma ya nyumba, chini ya mparachichi, pale pembeni Baba alipokuwa anaweka mbolea ya mbuzi. Pamesimama kidogo. Siyo kama korongoni kwa yule dalali, lakini hapalali mtu akawa hajui kichwa kiko wapi. Kakata jani la guatemala, kalichomeka ardhini.

"Nilikuwa nangoja useme. Ukipewa bila kusema watasema nilikupendelea."

Wanawake wa kwetu!

Jumapili, 2 Juni

Simu ya saa nzima, Kaka Dar, sisi watatu huku, simu katikati juu ya kinu.

Kaka alianza na yale: kwetu binti hapimiwi ardhi. Dogo, Dogo huyu, akasema, "Kwani dada anaomba cha kwako?" Mama akasema yeye ameilima ardhi hii miaka arobaini, akitaka kuhesabu nani kapimiwa nini aanze na yeye. Nikamaliza kwa mwenyekiti wa kijiji, niliyemwona jana. Kanieleza wazi: Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya 1999, mila inayomnyima mwanamke ardhi haina nguvu. Hata yeye mwanzo hakuipenda, kaniambia, lakini ndiyo sheria. Shehe naye kasema fungu ni fungu, liwe noti au liwe tope.

Kaka kimya. Nikamsikia wifi kwa nyuma: "Mpe dada yako." Tangu Idi nilikuwa namdai radhi. Sasa namdai na shukrani.

Tulivyokubaliana: Wa Kofia auziwe bega la juu tu, upande wa nguzo, pale anapopaona bonde lote. Milioni 9, na katoa neno kwamba anachukua. Nyumba ya Mama na ua, hapana. Kaka na Dogo wagawane ya bega baada ya thumuni ya Mama. Kaka kaongea na mwenye kiwanja cha Mkuranga, alipe nusu. Mimi simo kwenye noti. Na iandikwe kwamba njia ya mguu inayopita kwa Wa Kofia inabaki njia. Hilo kalidai Mama. Maana watu hawa wakishajenga, cha kwanza ni ukuta na geti, na sisi tutazunguka kwa jirani kama wezi.

Usiku sikulala. Naogopa. Nimedai pembe yenye mteremko, chini ya mtu atakayekata mlima juu yangu. Maji yake yote yatakuja kwangu. Nimetoka kitandani nikaandika: mfereji. Kabla ya msingi, mfereji.

Jumamosi, 8 Juni

Baridi ya kweli imefika. Asubuhi ukungu umekaa Soni mpaka saa tano, daladala zinapita na taa. Nimeshona masweta mawili mabovu kuwa moja zima.

Kibubu na kikoba kwa pamoja 640,000. Fundi kasema tofali za kuchoma nizinunue sasa hivi watu hawajengi, zikifika mwezi wa tisa zitapanda. Mbao za Shume ana mtu. Bati tusizungumze. Nikamwambia tuanze na mfereji. Kanitazama kama yule dalali alivyonitazama viatu, halafu kasema, "Mama, wewe umewahi kuona nyumba ikishuka." Nimewahi. Nilikuwa na miaka saba.

Alhamisi, 20 Juni

Ofisi ya kijiji, saa tatu hadi saa tisa. Halmashauri imekaa, muhtasari umeandikwa, Wa Kofia kwa bega lake, mimi kwa pembe yangu. Kaja mwenyewe, kofia ileile. Kumbe ni mstaafu, mke wake ana pumu, daktari kamshauri ubaridi. Kaniuliza kama nashona mapazia. Sijamjibu vizuri. Nitashona. Madirisha mengi anayotaka yule.

"Ya ofisi" nimetoa 20,000, risiti sikupewa.

Jioni tukapima. Mjumbe wa kitongoji mbele, Kaka nyuma yake na mti wa kuchomeka, kapanda basi usiku kucha aje kusimama pale. Mjumbe ni mrefu, hatua zake ndefu, Mama akamwambia afadhali nyayo za huyu zipimie. Wakacheka. Lakini ndizo walizopimia.

Hatua 14 kwa 11. Mpaka wa juu majani ya guatemala, wa chini mfereji ambao bado haujachimbwa lakini umeandikwa. Mashahidi watano. Kalamu ya bluu iliisha wino kwa Kaka, jina langu limeandikwa kwa ya kijani.

Nimepita kwa mama mwenye nyumba na 150,000. Miezi mitatu, nimemwambia, siyo sita. Kahesabu mara mbili, kaiweka kwenye khanga.

Mfereji Jumamosi. Dogo kasema atakuja na sururu ya kuazima.